Bure Si Huru

Ukitoka Ujiji kwa daladala kwenda Kigoma mjini, ukishapita Mwanga barabara inaanza kuteremka kuelekea stesheni na ziwani. Hapo dereva anaweka gia frii. Injini inatulia, gari linashuka lenyewe, mafuta yanaliwa kidogo. Mama aliyekaa siti ya mbele na ndoo yake ya mawese akishtuka, dereva humwambia, "Tulia mama, nimeweka frii tu." Trafiki hawaipendi tabia hiyo, kwa sababu gari lililowekwa frii halizuiwi tena na injini. Linazuiwa na breki peke yake, na breki za daladala zetu anazijua Mungu.

Hiyo ndiyo free ya kwanza niliyoijua maishani, kabla sijajua kwamba ni Kiingereza. Ya pili niliikuta uwanjani. Wenyewe wanaita free kick. Sisi tunaita mpira wa adhabu. Pigo ni lile lile, filimbi ni ile ile, ila Mwingereza amesimama upande wa anayepiga na Mswahili amesimama upande wa aliyekosa. Shuleni nikafundishwa kwamba free ni "huru". Matangazo ya mitandao ya simu yakanifundisha kwamba free ni "bure". Nilipofika chuo, rafiki akiniandikia "uko free?" hakuwa anauliza kama nimeachiwa kutoka gerezani, wala kama sina bei. Alitaka kujua kama nina nafasi.

Mahali Kiingereza kinatumia neno moja, Kiswahili kina chungu nzima. Kiti hakina mtu. Mtu ana nafasi. Soda haina sukari. Bidhaa imesamehewa ushuru. Soko ni huria, mahakama ni huru, na pipi anayopewa mtoto dukani baada ya kutumwa chumvi ni ya bure. Wapo wenzetu wanaoona huu ni upungufu, eti lugha yetu haina neno pana la kubeba mambo yote hayo kwa mkupuo. Lakini hata wenye neno lao linawatesa. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, ametumia miaka mingi akieleza kwamba free software haina maana ya programu isiyouzwa, bali programu ambayo mtumiaji ana uhuru nayo. Ikabidi wengine waazime neno libre kutoka Kifaransa na Kihispania ili waeleweke. Angekuwa Mswahili angesema "programu huru" akaenda zake kulala.

Mimi nasema kutenganishwa kwa bure na huru ni moja ya mali kubwa za lugha hii, na kwamba sisi tuliosoma ndio tunaoiharibu mali hiyo. Katika mkoa wetu wa Kigoma, kuna watu wanaoumizwa na uharibifu huo.

Nilipomaliza chuo nilijitolea miezi sita katika shirika moja, silitaji jina, lililokuwa likifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ndani ya mkoa. Kujitolea maana yake nilifanya kazi bure, nikapewa nauli na hela ya chakula cha mchana. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso. Lilitungwa kwa Kiingereza na watu waliokaa mbali, likafasiriwa kwa Kiswahili, nadhani na kompyuta, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisomeka hivi: "Tafadhali jisikie bure kukataa swali lolote."

Jisikie bure. Mtu amekimbia risasi, amevuka mpaka na watoto na sufuria, halafu anakuja kijana mwenye kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni anamwambia ajisikie bure. Kwa Kiswahili tunachozungumza nyumbani, mtu bure ni mtu asiyefaa kitu. "Bure kabisa wewe!" ni tusi. Nimekwenda bure maana yake safari haikuzaa kitu. Amepigwa bure maana yake hakuwa na kosa. Na tukisema "hiyo si bure" tuna maana kwamba nyuma yake kuna jambo. Kila mahali neno hili linaponusa, linanusa utupu: hakuna bei, hakuna sababu, hakuna matunda, hakuna thamani. Mwenye lugha akipewa kitu cha bure hufurahi, lakini sikio lake halijalala.

Ukurasa wa kwanza nilikuwa naurekebisha kwa mdomo. Swali la mbele zaidi ndilo lililonishinda: "Je, unaweza kutoka kambini bure?"

Nilimuuliza mzee mmoja wa Kirundi, mkulima wa michikichi kutoka Nyanza-Lac, upande wao wa ziwa hili hili. Alikuja mwaka 2015 kupitia Kagunga. Alinitazama kidogo, akacheka.

"Kutoka si bure, kijana wangu. Ukishikwa nje huna kibali, utalipa."

Nikamwomba radhi, nikamwambia swali limekosewa. Walitaka kujua kama yuko huru kutoka. Akaniuliza, "Huru kama nani?" Sikuwa na jibu. Ndipo akaniambia kwamba wao wana maneno yao mawili. La kwanza ni ku buntu, la pili ni kwishira ukizana. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mtoto wa Kigoma hahitaji kufasiriwa sana. Ku buntu ni kupewa bila kulipa, na ndani yake limo neno ubuntu: utu, ukarimu. Kitu cha ku buntu kimetoka kwenye wema wa mwingine. Kwishira ukizana ni uhuru, na ukilifungua neno kwa neno ni kujipeleka na kujileta. Wewe mwenyewe ndiye unayejipeleka unakotaka, na wewe mwenyewe ndiye unayejirudisha.

"Hapa," akasema, "ku buntu ipo. Kwishira ukizana haipo."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, hasa kwa sababu ya mwenzake wa Kiswahili. Mtumwa ni nani? Ni aliyetumwa. Neno limetoka kwenye kutuma, kama vile mtume. Hayo yote mawili yanamtaja mtu kwa safari yake: mmoja anapelekwa na mwingine, mmoja anajipeleka mwenyewe. Wala halitaji chakula. Mtumwa alilishwa. Alilishwa bure, kama unataka kuliita hivyo.

Hapa nina deni la kwangu. Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Kwa wasiotujua, Manyema ni nchi ya ng'ambo ya ziwa, Kongo ya leo. Katika karne ya 19 babu zetu walivuka kuja huku, wengine kwa biashara, wengine kwa upagazi, na wengine wakiwa wamefungwa. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha ziwani cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe na watu kutoka ng'ambo walishushwa hapa. Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliikuta biashara hiyo. Livingstone alipokutana hapa na Stanley mwaka 1871 alikuwa ametoka Nyangwe, Manyema kwenyewe, ambako Julai ya mwaka huo aliona watu wakipigwa risasi sokoni. Leo mgeni akija Ujiji anapelekwa kwenye mnara chini ya miembe, anapiga picha, anasimuliwa salamu maarufu ya Stanley, anaondoka. Hasimuliwi habari za neno muungwana.

Muungwana wa leo ni mtu mpole, mwenye adabu, anayempisha mzee kwenye kiti. Zamani alikuwa mtu asiye mtumwa: ana kwao, ana ukoo, ana watu watakaomwulizia asipoonekana. Wapagazi na askari wa misafara kutoka pwani walijiita waungwana, na Stanley amewaandika hivyo vitabuni mwake, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au waliwahi kuwa. Kiswahili walichovuka nacho ziwa kikaitwa Kingwana, na jina hilo bado linasikika kwa Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Lugha ya watu huru, ikibebwa kichwani pamoja na mizigo na watu ambao uhuru wao ulikuwa wa kudai tu.

Ukichimba free ya Kiingereza unakuta udongo ule ule. Neno hilo ni ndugu wa friend, rafiki, na mzizi wao ni wa kupenda. Katika nyumba za mababu zao kaskazini mwa Ulaya walikuwamo watu wa damu, wapendwa, na walikuwamo watumwa. Wapendwa ndio walikuwa free. Maana ya kutolipa ilikuja baadaye sana. Nao walianza na muungwana, wakaishia kwenye pipi ya dukani.

Kwetu uhuru uliendelea kuwa na bei. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watahesabiwa huru, na wakubwa waliweza kujikomboa kwa fedha, wakapewa hati. Ilikuja kufutwa kabisa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Na kukomboa, msomaji, ni neno la rehani. Unakomboa baiskeli uliyoiacha kwa mkopeshaji. Tukalichukua neno hilo la madeni tukalipandisha cheo, mpaka Afrika huru ilipoundiwa Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, Dar es Salaam ikawa makao yake. Hakuna mahali Kiswahili kimedanganya kwamba uhuru ni bure.

Sasa turudi kambini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mei 2015 Warundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kikaingia, na Liemba yetu ya tangu enzi za Mjerumani ikawa inatia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikiwapeleka watu kupanda. Waliteremshwa Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapakiwa kwenye mabasi. Kufika Kagunga walijipeleka wenyewe. Kuanzia hapo wakawa watu wa kupelekwa.

Mwaka 2017 mpango wa kuwapa fedha taslimu badala ya chakula ulisimamishwa. Masoko ya pamoja, ambako mwanakijiji alileta ndizi na mkimbizi akaleta alichonacho, yakafungwa. Mwaka 2023 fedha za wafadhili zikapungua, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likashusha mgao mpaka nusu ya kiwango. Fikiria nusu hiyo. Wewe mgao wako ukikatwa utatoka utafute kibarua, utalima shamba la mtu kwa zamu, utavua, utakaanga mihogo kando ya barabara. Huyu mwenzako nusu iliyoondoka haruhusiwi kuifuata.

Ukisoma ripoti za Kiingereza hutauona ukali wa jambo hili haraka, kwa sababu free imetapakaa kila aya: chakula free, matibabu free, shule free. Neno linapita mbele ya macho mara kumi, na kichwa kinapumzika, kwani nani haipendi free? Kumi zote ni bure. Ile ya huru haimo, ila sauti yake imejaa chumba. Isome ripoti hiyo hiyo kwa Kiswahili, bure, bure, bure, na kufikia ukurasa wa tatu utakuwa umeanza kuuliza.

Najua ninachojibiwa nyumbani, maana nimeshajibiwa. Mjomba wangu aliniambia, "Mjomba, unawaonea huruma watu wanaokula bure. Mwanakijiji wa Kasulu amekula bure lini?" Sikumjibu kwa dharau. Ana haki yake. Mkoa huu wenye umaskini wake umepokea watu kwa miongo mingi. Misitu imekatwa kuni, na kuna mama wa kijijini aliyewahi kumtazama mkimbizi akitibiwa bila kulipa huku yeye anahesabu noti kwenye kona ya kanga. Na mpaka wetu una mambo yake; wasiwasi wa serikali kuhusu silaha na vikundi haukutoka hewani.

Lakini isikilize sentensi yenyewe. "Wanakula bure." Mkulima wa mihogo kutoka Fizi hakuvuka ziwa zima ili ale bure. Amenyimwa kwanza kuwa huru, ndipo akapewa bure. Tumemfunga mikono, tukamlisha kwa kijiko, na sasa tunamsema mvivu kwa sababu hajishiki kijiko. Kama hasira ya mjomba ni kwamba watu wanakula bila jasho, basi mjomba na mimi tuko upande mmoja: waacheni watoke jasho.

Na mfano tunao. Mwaka 1961 bendera ilipopanda, TANU haikumwambia mtu kwamba uhuru ni vya bure; wito ulikuwa Uhuru na Kazi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi. Nao walihitaji kibali kutoka, hilo silifichi. Ila walikuwa na shamba, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 watu takriban 162,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Hao si watu wa kufikirika. Huenda mahindi uliyokula yalitoka kwao.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, simpelekei mjomba wala Mbunge. Naileta kwetu. Sisi ndio tunaofasiri. Sisi ndio tunaoshika vishikwambi, tunaoandika maandiko ya miradi, tunaokaa kwenye semina tukisema "wananchi wajisikie huru" huku kichwani sentensi imekuja kwa Kiingereza na Kiswahili kimevikwa juu kama koti la kuazima. Tumezoea kuwaza kwa free, neno linalofanana na ile gia ya daladala: limetoka kwenye injini, linateremka kwa uzito wake, na kwa sababu kuna utulivu tunadhani kuna usalama. Tungeanza kwa Kiswahili tungelazimika kuchagua kila mara, bure au huru, na kila mara kuchagua kungetuuliza: wewe unamaanisha nini hasa? Hilo ndilo swali ambalo mradi mwingi haulitaki.

Tena ugonjwa umetupata wenyewe. Mhitimu anafanya kazi mwaka mzima bila mshahara, anaambiwa yuko huru kuondoka wakati wowote. Ni kweli, yuko huru. Pia yuko bure. Akizichanganya hizo mbili atashukuru.

Jibu la yule mzee nililiandika lote kwenye nafasi ya maelezo: ku buntu ipo, kwishira ukizana haipo. Jioni msimamizi wetu, dada mchapakazi asiye na makuu, akaniita. Programu ilikuwa imelikataa dodoso langu, kwa sababu swali lile lilitaka ndiyo au hapana na nilikuwa sijachagua.

"Kaka, weka moja tu. Data zinatakiwa leo."

Nikamwomba alisome swali kwa Kiswahili. Akasoma, akacheka. Akalisoma kwa Kiingereza, akanyamaza. Wenzangu wote walikuwa wameuliza kama lilivyoandikwa, kwa siku nne, na majibu yalikuwa yameshatumwa. Nikaweka hapana.

Mwisho wa wiki nilipanda gari nikaenda nyumbani Ujiji, nikala migebuka, nikalala. Jumatatu tulipita tena njia ya kwa mzee yule. Alikuwa amekaa mlangoni. Akaniuliza nilikuwa wapi siku mbili zile.

"Nilikwenda nyumbani, mzee."

"Halafu ukarudi."

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima kitu mkononi. "Haya," akasema. "Ukienda tena, nisalimie ziwa."